Majina ya Getini

Kifuniko cha kopo la biskuti kina sauti yake. Ukikibandua kwa kucha kinakataa. Lazima uingize mgongo wa kijiko ukingoni na kusukuma, ndipo kinatoa mlio mmoja mfupi, tak, kama ulimi unaopigwa kaakaani. Sakhile aliusikia mlio huo gizani akiwa amelala chali, na kabla hajafumbua macho alikwisha jua mambo mawili. Kuna mtu jikoni anavunja sheria ya nyumba. Na upande wa pili wa kitanda, mahali pa Bhekani, shuka limepoa.

Sheria yenyewe ilikuwa ya Baba Dudu, muuguzi mstaafu, mwenye ile nyumba ya ufukweni. Miaka kumi na minne sasa, kila Desemba jua likianza kuwaka sawasawa na shule zikifungwa, aliwakusanya wanaume kumi au kumi na mmoja kwa wiki nzima, wanaume wanaopenda wanaume, wakae mahali ambapo hakuna wa kumwekea mtu jicho akimshika mwenzake mkono. Jumapili ya kufika, kila mtu alitumbukiza simu yake kwenye kopo la biskuti juu ya friji. Zilitoka Jumamosi, baada ya chai ya asubuhi, si kabla. Baba Dudu alisema humo koponi wamelala wake wa watu, mabosi, wachungaji na wajomba, na wao pia wanastahili likizo.

Leo ndiyo ilikuwa Jumamosi, ila chai ilikuwa bado mbali. Dirishani hakukuwa na dalili ya mwanga. Bahari ilisikika ikivuta pumzi.

Sakhile hakuwa na wazo baya. Aliinuka akavaa kaptula, akatembea pekupeku kwenye ukumbi mwembamba akipapasa ukuta, huku akitabasamu. Alidhani Bhekani amekwenda kuangalia kama kuna ujumbe wa nyumbani kuhusu Zano, mtoto anayelelewa na Sakhile, kwa sababu walimwacha na kikohozi. Bhekani alikuwa na tabia hizo. Ndizo zilizomfanya Sakhile ampende mtu mwenye mdomo mzito namna ile: haongei, lakini usiku wa homa ndiye anayekaa kitandani kwa mtoto na kitambaa cha maji.

Alifika mlangoni pa jikoni. Bhekani alikuwa amempa mgongo, simu sikioni, mkono mwingine umeshika ukingo wa sinki.

"Baba mdogo, nisikilize," alikuwa ananong'ona. "Usipige hodi. Unasimama getini, unapaza sauti. Wakinyamaza usiogope, ni kawaida yao, wanataka kusikia kama unawajua."

Sakhile alishika fremu ya mlango.

Basi ni leo, aliwaza. Wamekwenda leo.

Ilikuwa imechukua miaka minne kufika kwenye asubuhi hiyo. Mama yake, MaShezi, mwaka wa kwanza hakutaka hata kumsikia Bhekani akitajwa. Mwaka wa pili aliuliza, akiwa anachambua maharage na bila kuinua macho, nani hapo atamlipia nani mahari. Mwaka wa tatu Bhekani alimtengenezea paa la jiko lililokuwa linavuja, akala uji wake, akamfundisha Zano kujumlisha tarakimu mbili, maana alikuwa mwalimu wa hesabu. Na siku moja mama akatamka mwenyewe. Kama huyo mtu anakutaka, alisema, aje kama watu wanavyokuja. Watu wake wasimame getini kwangu wataje majina yetu. Sikuzaa mtoto wa kuchukuliwa kwa mlango wa nyuma.

Sakhile, mwanaume wa miaka thelathini na mitatu, fundi wa makochi mwenye mikono kama magome, alilia siku ile kama mtoto.

Bhekani alikubali papo hapo. Alisema baba zake wadogo kule milimani, waliompinga miaka yote, wamelegea mwishowe, ila ni watu wa zamani, hawaandiki barua ya posa wala hawapigi simu; wanafika tu alfajiri, siku yao wakiijua wenyewe. Na desturi ni kwamba mwoaji hakanyagi pale. Anakaa mbali, anasubiri kuambiwa. Kwa hiyo tangu mwezi wa kumi MaShezi alikuwa akiamka saa kumi ya alfajiri kila Jumamosi, anafagia uwanja, anafunga kitambaa chake cha heshima, anasubiri sauti getini. Zano naye alipewa kazi. Alikuwa na miaka saba, mtoto wa kike wa marehemu dada yake Sakhile, aliyelelewa na Sakhile tangu akiwa na miezi minne na asiyemjua baba mwingine. Bibi yake alimkaririsha majina ya sifa ya ukoo, akamwambia: wewe ndiye mlinzi wa geti. Wakikosea hata moja, usifungue.

Na jana tu, kwenye moto wa kuagana pale mchangani, wanaume wote kumi walikuwa wamewaimbia nyimbo za harusi. Ayanda, msusi wa Umlazi asiyeweza kukaa dakika tano bila utani, alijifunga taulo kichwani akajifanya mama mkwe. Aliweka jiko la kuchomea nyama katikati ya njia, akasema hilo ndilo geti, na bwana harusi asiyejua majina akalale na kaa wa mchangani. Bhekani alisimama mbele ya lile jiko akayataja majina ya ukoo wa Sakhile moja baada ya jingine, taratibu, macho yakimlengalenga. Watu walipiga makofi mpaka mbwa wa jirani wakabweka.

Ndiyo maana Sakhile alisimama pale mlangoni gizani akingoja kuyasikia tena.

"Anza na Mkhize," Bhekani alinong'ona. "Ndiyo, baba mdogo. Mkhize. Halafu Khabazela. Khabazela, mtoto wa Mavovo. Halafu Gcwabe. Rudia nikusikie."

Sakhile ni Cele, si Mkhize. Watu wa kwao huitwa Ndosi. Hilo jina Bhekani alilijua vizuri kuliko mtu yeyote duniani. Alikuwa akilisema shingoni mwake taa zikizimwa.

Kwa muda, na ajabu ni kwamba ulikuwa muda mrefu, Sakhile alimtetea. Alijiambia kwamba amechanganya kwa sababu ya usingizi. Alitaka hata kumgusa bega amsahihishe, mpenzi, unawapoteza wazee. Kisha akasikia kile kijisauti cha mzee ndani ya simu kikirudia, Khabazela, mtoto wa Mavovo, na Bhekani akasema, "Hapo hapo. Na baba yake Phumelele akitoka, mpe heshima zake kwanza, ndipo utoe blanketi la mama."

Akakata simu. Alipogeuka, walitazamana.

Hakuna aliyewasha taa. Mwanga wa simu ulikuwa bado unamulika kidevu cha Bhekani kutoka chini, na Sakhile aliuona uso ule, uso aliodhani anaujua kwa vidole, ukitafuta uongo na kuukosa.

"Phumelele ni nani?" aliuliza.

"Twende nje," Bhekani alisema. "Utawaamsha watu."

"Ni nani?"

"Ndosi, tafadhali. Twende nje."

Walitoka kwa mlango wa jikoni, wakashuka ngazi za mbao mpaka mchangani. Kwa mbali, upande wa bahari, palikuwa na mstari wa kijivu kama chaki iliyofutwa vibaya. Majivu ya moto wa jana yalikuwa bado na uvuguvugu. Sakhile aliyakanyaga pembeni bila kukusudia. Lile jiko la Ayanda lilikuwa limesimama vilevile katikati ya njia.

Bhekani alizungumza akiitazama miguu yake. Phumelele ni mwalimu, anafundisha darasa la kwanza shule ya jirani na ya kwake. Wamefahamiana tangu mwezi wa nne. Ni msichana mwema. Hajui lolote. Alisema maneno yale kwa utaratibu, kama anayesoma majina darasani, na Sakhile aliyaacha yapite, akarudi kwenye neno lililomkwama tangu jikoni.

"Blanketi la mama," alisema. "Lipi hilo?"

Bhekani alichimba mchanga kwa kidole cha mguu.

"Bhekani, lile la maua ya mshubiri?"

"Nilihitaji blanketi zuri, na lile…"

"Zano ndiye alilichagua. Tulizunguka maduka matatu. Alilala juu yake kwenye kaunta, akasema bibi atalipenda kwa sababu halichomi shingo. Ulikuwa umesimama pale, umemshikia viatu."

"Najua."

"Ulimshikia viatu vyake, Bhekani."

Bhekani alifunika uso kwa viganja viwili. Kwa sauti iliyopita katikati ya vidole alianza kueleza jinsi ilivyo, kwamba Sakhile hawezi kuelewa, mama yake ni mmoja na ombi lake ni moja tu, mkamwana. Kwamba baba zake wadogo walikuja juu tena, walimtishia kumfuta kwenye ukoo, asingezikwa na watu wake. Ameshindana nao miaka minne. Amechoka. Na kwani kitabadilika nini? Ndoa itakuwa ya watu, wao wawili watakuwa wa kwao. Watakuwa na Desemba. Kila mwaka watakuja hapa, wiki nzima, kama kawaida.

"Mimi nikae kwenye kopo," Sakhile alisema, "nikitolewa mara moja kwa mwaka."

"Usiseme hivyo."

"Na kwa nini ulinileta? Wiki hii, kati ya zote?"

Hapo Bhekani aliinua macho, na ndani yake kulikuwa na mapenzi. Hilo ndilo lililomuuma Sakhile kuliko yote, kwamba hayakuwa ya kuigiza. "Mwoaji hatakiwi kuwepo," alisema. "Nisingeweza kukaa peke yangu nikisubiri. Nilitaka niwe na wewe."

Sakhile alicheka, kicheko kikavu kilichomtoka puani. Wazee wanamposea Bhekani mke, naye amekuja kumngojea mke wake kifuani kwa bwana. Jana usiku alikuwa amevikwa kilemba cha ukoka mbele ya watu kumi, akavaa, akacheza nacho.

Simu ikatetemeka mkononi mwa Bhekani. Wote wawili waliitazama. Jina lililoonekana lilikuwa Baba Mdogo.

Sakhile hakupanga. Aliichukua kama unavyomwondolea mtoto kisu, bila kuvuta, na Bhekani akaiachia.

"Bhekani, limenitoka lile la tatu," sauti ya mzee ilisema, ikihema. Nyuma yake palikuwa na jogoo, na upepo, na mtu mwingine akikohoa. "Tumeshaita mara mbili na hao watu wa ndani wanatucheka, nawasikia. Khabazela, halafu nini?"

"Sio Bhekani, baba," Sakhile alisema. "Shikamoo."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Sakhile Cele. Tulionana kwenye mazishi ya shangazi yake, mwezi wa sita mwaka juzi. Ulinipa kiti chako."

"Fundi wa makochi," mzee alisema polepole. "Nakukumbuka. Alisema ni rafiki wa kazini. Na mimi nikajiuliza, mwalimu wa hesabu na fundi wa makochi, kazi gani hiyo wanafanya pamoja."

Bhekani alinyoosha mkono kutaka simu. Sakhile alirudi nyuma hatua moja, na Bhekani akabaki mkono hewani.

"Baba," Sakhile alisema, "nisamehe kukuuliza ukiwa mahali ulipo. Mama yangu amekuwa akifagia uwanja kila Jumamosi tangu mwezi wa kumi, akiwangoja ninyi. Leo nimeambiwa mmekataa. Nimeambiwa mlitishia kumfuta kwenye ukoo kwa ajili yangu. Nataka kujua tu ni nani kati yenu alisema, ili nijue nani wa kumsamehe."

Sakhile alisikia hatua za viatu vizito zikitembea kwenye changarawe. Mzee alikuwa anasogea mbali na wenzake.

"Mwanangu," alisema hatimaye, na sauti ilikuwa imeshuka, "mimi ni mtu mzima, nimesimama geti la watu, sina sababu ya kukudanganya. Hakuna aliyewahi kututajia nyumba ya Cele. Bhekani alituita mwenyewe mwezi wa tisa. Alisema amepata mchumba kwa Mkhize na anataka tuende kabla ya Krismasi. Tulifurahi. Hatukuuliza."

"Hamkukataa?"

"Tungekataa nini? Hakuleta neno." Mzee alikohoa. "Nisikufiche. Angekuja akaniambia habari hiyo unayoisema, ningepiga kelele mpaka kuku watoke bandani. Mkubwa wangu angevunja kiti. Labda tungenuniana mwaka mzima. Halafu tungekaa chini. Ni mtoto wa marehemu kaka yetu, tungempeleka wapi? Lakini hakutupa hata nafasi ya kukasirika."

Sakhile alimtazama Bhekani. Kulikuwa na mwanga wa kutosha sasa. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chini, mikono kati ya magoti, na kwa jinsi alivyoinamisha shingo ilikuwa wazi amesikia kila neno.

Miaka minne Sakhile alikuwa na maadui wake, wazee wa milimani wasio na huruma. Alikuwa akiwaombea mioyo yao ilainike. Alikuwa akimfariji Bhekani kwa ajili yao, akimkanda mabega kila alipotoka kwao. Kumbe wazee hao hawakuwahi kuwepo. Pale getini palikuwa na mtu mmoja tu aliyesimama kuzuia njia, naye alikuwa akilala kwenye mto mmoja na yeye.

"Na huyo binti," mzee aliuliza, "anajua?"

"Anasema hajui."

"Hmm." Upepo ulipuliza kwenye simu. "Unajua, mzee akisahau majina getini anarudishwa. Ni aibu, watanicheka mpaka Pasaka, lakini hakuna mtoto wa mtu anayeharibikiwa. Mimi leo nimesahau. Nimesahau kabisa. Mwambie huyo hapo kwamba akitaka kuoa, aje kwanza kwangu aniangalie usoni." Kisha, kama mtu anayeona haya: "Na hili blanketi? Niambie nilipeleke wapi."

Hapo ndipo machozi yalipomshinda Sakhile. Aligeukia baharini asionekane. "Jifunike nalo, baba," alisema. "Huko kwenu asubuhi kuna baridi. Halichomi shingo."

Alipokata simu hakumrudishia mkononi. Aliiweka juu ya lile jiko, akasimama upande wa huku, Bhekani upande wa kule.

"Kwa nini?" aliuliza. "Sikuulizi habari za wazee. Nakuuliza wewe."

Bhekani aliitazama simu juu ya jiko. "Nilichoka kujieleza kabla sijaanza," alisema. "Kila nilipowaza kuwaambia, nilijiona nimesimama pale sebuleni, wote wananitazama. Kwa Phumelele hakuna wa kunitazama. Napita tu kama watu wengine." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Nakupenda, Ndosi. Hilo sikudanganya."

"Najua," Sakhile alisema. "Ningepata nafuu kama ungedanganya na hilo."

Alipanda ngazi akampita bila kumgusa. Ukali wote aliokuwa nao aliutumia kwenye zile ngazi saba.

Jikoni, Baba Dudu alikuwa amesimama na kanzu yake ya kulalia, birika mkononi, kopo wazi mbele yake. Wafanyakazi wa wodi za usiku wanajua kuusoma mwili unavyoingia mlangoni. Aliweka birika chini, akapekua ndani ya kopo, akatoa simu ya Sakhile yenye kifuniko cha katuni alichobandika Zano, akampa. Miaka kumi na minne hakuwahi kumpa mtu simu kabla ya chai. Kisha akamkumbatia, na alikuwa ananuka dawa ya mafua na sabuni, kama baba.

"Kumbe naye alikuwa na mke humo koponi," Sakhile alisema begani kwake.

"Basi wewe usikae humo," Baba Dudu alijibu.

Walikuwa wamekuja na gari la Bhekani. Ayanda ndiye aliyevaa viatu na kusema anakwenda upande huo, ingawa kila mtu alijua kwao ni upande mwingine. Alibeba begi la Sakhile, akafunga vitumbua vya jana kwenye karatasi, na njia nzima, kwa saa moja na nusu, hakufanya utani hata mmoja. Mara moja tu, walipokuwa wakipita mashamba ya miwa nje ya Umzinto na jua limekwisha panda, alisema akitazama mbele: "Jana nilimwambia asiyejua majina akalale na kaa. Yeye aliyajua yote, shosti. Ndiyo maana hatukumshuku."

Sakhile alimwomba amshushe kwenye kona. Alitaka kutembea hatua za mwisho.

Uwanja ulikuwa umefagiwa. Aliona mistari ya ufagio kabla hajafika, mistari safi isiyokanyagwa na mtu. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni pa jiko, kitambaa cha heshima kichwani, mikono mapajani. Alimwona. Aliangalia nyuma ya mwanawe, barabarani, akatafuta gari, akatafuta watu. Alipoona hakuna, hakuinuka. Alikifungua kile kitambaa taratibu, akakikunja mara mbili, akakiweka magotini.

Zano alikuwa kwenye geti, upande wa ndani, gauni la Jumapili, miguu mitupu. Alishika komeo kwa mikono miwili. Uso wake uliwaka alipomwona, lakini hakufungua. Alikuwa na kazi, na kazi ni kazi.

Sakhile aliweka begi chini. Angeweza kusema, fungua, mwanangu, ni mimi. Badala yake alijikuta anasimama sawasawa, miguu pamoja, kama wanavyosimama waliotumwa. Hakuna aliyekuja kumwomba kwenye geti hili. Sasa alikuwa amesimama yeye.

"Cele," alisema, na sauti ikakatika. Akaanza upya. "Cele. Ndosi. Magaye, mtoto wa Dibandlela."

Alisikia kiti cha mama yake kikisogea. Mama alikuwa amesimama.

Aliendelea kuyataja, yale ya baba yake na ya babu yake, yale aliyofundishwa akiwa na urefu wa Zano, yale ambayo yalikuwa yakisemwa shingoni mwake gizani na mtu mwenye mdomo mzito. Aliyatoa moja moja, akayarudisha pale yalipotoka. Zano alikuwa akihesabu kwa vidole, midomo ikicheza kimyakimya pamoja na yake. Vidole vilipokwisha, alivuta komeo.

"Hujakosea hata moja, Baba, ingia."